Nyuki wa Assunta na Zabibu za Gerardo

Kisa hiki kimepita mikono mingi kabla ya kukufikia wewe. Kisome taratibu, kisha kipitishe.

Kusini mwa Italia, kwenye vilima vya bara nyuma ya mji wa Napoli, aliishi mkulima aitwaye Gerardo. Wenzake wengi walikwisha ng'oa mizabibu ya wazee wao wakapanda mbegu za kigeni zinazozaa kwa wingi. Yeye alibaki na zabibu ya palepale kwao, iitwayo fiano. Ni tunda dogo, tamu mno likiiva, na mvinyo wake mweupe hunukia kama asali. Wazee wa huko husema hata jina lake la kale lilitokana na nyuki, kwa jinsi wanavyolipenda.

Mwaka uliotangulia, mvua ya mawe ilimmalizia mavuno yote. Kwa hiyo safari hii Gerardo aliilea mizabibu yake kama mtu anavyomlea mtoto aliyetoka kuugua.

Msimu wa kuchuma ulipokaribia, akaanza kukuta zabibu zimetobolewa, nyingine zimebaki maganda matupu, na juu yake nyuki wamejazana. Hakuwa na haja ya kuuliza wametoka wapi. Ng'ambo ya ukuta wa mawe aliishi Assunta, mjane aliyefuga nyuki, na mizinga ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Gerardo alimwendea, akamweleza shida yake. Assunta alimsikiliza, akasema tu kwamba ataangalia la kufanya. Siku zikapita, zabibu zikazidi kuharibika. Gerardo akaona amepuuzwa. Mkewe, Nunzia, alimsihi arudi akazungumze tena, kwa kuwa jirani ni mtu wa kuzikana naye. Hakusikia la mtu.

Jioni moja akakoroga maji ya sukari na dawa ya kuulia wadudu. Akaruka ukuta, akaficha visahani vya sumu ile kwenye majani, karibu kabisa na mizinga. Nyuki walikwisha ingia kulala. Wangeikuta kukicha.

Asubuhi aliposhuka shambani, palikuwa kimya. Hapakuwa na nyuki hata mmoja. Alitaraji kufurahi, lakini furaha haikuja.

Akasogelea kichala kimoja. Juu yake palikuwa na nyigu, wakubwa, wenye mistari, wanatafuna ganda la zabibu kwa taya zao. Akaenda kichala kingine, nyigu. Akafunua majani ya mzabibu uliofuata, nyigu walewale. Ndipo alipokumbuka kwamba hajawahi hata siku moja kumwona nyuki akitoboa zabibu. Siku zote aliwakuta kwenye zilizokwisha tobolewa, wanalamba kilichomwagika.

Moyo ulimpasuka. Alikimbia, akauruka ukuta, akiomba jua liwe halijawatoa wote.

Mizinga haikuwapo. Zilibaki alama zake tu kwenye nyasi. Gerardo akaamini nyuki wamekufa, na mwenye nyuki amekwisha ondoa mizoga na mizinga. Akakaa chini.

Assunta akatoka nyumbani kwake, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Umeniwahi," alisema. "Nilikuwa nakuja kwako. Nimewahamisha usiku wakiwa wamelala, tumewapeleka ng'ambo ya mlima. Mwenye gari niliyemkodi alinichelewesha, unisamehe. Watarudi ukishamaliza kuchuma."

"Wote?"

"Wote. Wazima."

Gerardo alishusha pumzi ndefu, akaufunika uso kwa mikono, akalia kama mtu aliyeponea chupuchupu. Angeweza kunyamaza, kwa sababu gizani Assunta hakuviona visahani. Lakini alivitoa kwenye majani kimoja kimoja, akamweleza vilikuwa vya nini, na akamweleza habari ya nyigu.

Assunta alivikusanya vyote, akamrudishia mkononi.

"Kachimbe shimo uifukie sumu hiyo," alisema, "paka wangu asije akailamba. Kisha twende tukatafute kiota cha hao nyigu."

Walikikuta chini ya paa la banda la Gerardo mwenyewe.

Mavuno ya mwaka ule yalipungua kidogo, lakini yalitosha, na mvinyo ulitoka vizuri. Pipa la mwisho lilipofungwa, Gerardo hakukubali mwenye gari aitwe. Alikwenda mwenyewe ng'ambo ya mlima na lori lake, akairudisha mizinga, Assunta ameketi kando yake. Aliendesha polepole njia nzima, dirisha wazi, apate kusikia nyuki wakivuma nyuma yake.

Funzo: Kumkuta mtu penye hasara si ushahidi kwamba ndiye aliyeileta. Chunguza kabla ya kuadhibu, kwa maana si kila aliyetega sumu kwa hasira hujaliwa kuikuta haijaguswa.