Marisau ya Mjomba Elisaria

"Marisau makubwa hupisha kisahani." Mmeisikia leo hapa uwanjani, mkacheka, kisha mkauliza ilitoka wapi. Haya, sogeeni. Chanzo chake ni hiki.

Aikande alikuwa mlengaji hodari wa klabu hii ya shabaha, enzi hizo akivunja visahani vya udongo vinavyorushwa angani na mashine. Mwaka ule klabu ilitafuta mtu mmoja wa kuiwakilisha kwenye mashindano ya Nairobi. Aikande alikuwa ameingojea nafasi hiyo miaka minne.

Kikwazo kilikuwa mjomba wake, Elisaria, askari mstaafu wa wanyamapori. Bunduki ilikuwa kwenye kibali chake, kwa hiyo risasi alinunua yeye. Aikande alimwandikia kwenye karatasi: risasi zenye punje ndogo, yaani marisau madogo, namba nane, yaliyo kama ulezi. Mjomba akaleta namba tatu, ya kupigia sungura, kila punje kama mtama.

"Mjomba, si hizi."

"Kisahani ni kigumu, mwanangu. Mimi nimeangusha nyati."

Aikande alizirudisha dukani mwenyewe. Mara ya pili akaandika kwa herufi kubwa, akapigia mstari. Mjomba akaitikia vizuri, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Asubuhi ya mchujo Aikande alifungua mfuko uwanjani. Namba tatu. Alifumba macho, akahesabu hadi kumi, akayafumbua. Zilikuwa namba tatu zilezile. Duka lilikuwa mbali, na bunduki yake ilikuwa ya mtutu mwembamba, risasi za wenzake hazikuingia. Akapiga hivyo hivyo.

Kati ya visahani ishirini na vitano alivunja kumi na kimoja. Vingine alivilenga sawasawa, akaviona vikienda zao vizima hadi majanini. Nafasi ya Nairobi ikachukuliwa na mwingine.

"Ulichelewa kufyatua," Elisaria alisema.

Aikande aliomba ruhusa kwa msimamizi, akasimamisha ubao wa karatasi ngumu, akarudi nyuma hatua arobaini, akaupiga risasi moja. Kisha akaubeba mpaka miguuni pa mjomba wake, akampa kisahani mkononi.

"Kiweke mahali ambapo hakitagusa tundu."

Elisaria alikiweka. Akakisogeza, akakiweka pengine, na pengine tena. Kila mara kilienea katikati ya matundu bila kuyagusa.

"Kinapita," alisema polepole.

"Kinapishwa, mjomba. Punje zikiwa kubwa zinakuwa chache, na zikiwa chache zinaachana. Nyati hana pa kupita. Kisahani kinapo. Nimekueleza mara ngapi?"

Mzee aliutazama ubao. "Nimekunyima Nairobi," alisema.

"Ndiyo," Aikande akajibu, maana alikuwa amechoka kumstahi. Wakarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata Elisaria alikwenda dukani na kununua namba nane bila karatasi. Pale kaunta alimkuta rafiki yake wa zamani wa porini akimgombeza binti yake, kwamba marisau anayoyataka ni ya kutishia ndege shambani, achukue makubwa yenye nguvu. Elisaria akamkumbuka Aikande uwanjani.

Elisaria aliuweka mkono begani kwa rafiki yake.

"Mwache achague, ndugu yangu. Mimi nguvu ninazo, na nimezitumia kumkosesha mtoto wa dada yangu. Marisau makubwa hupisha kisahani."