Chungu Kisichogawanyika

Sogeeni. Leo sina sungura wala fisi, nina kesi, na wazee wa baraza ni nyinyi. Wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, usije ukasema baadaye hukusikia.

Huko Upare, milimani wanakolima tangawizi, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Namkunda alikuwa na mkono: akionja chakula leo, kesho anakipika kilekile, mpaka na kosa lake. Jirani yake, Mama Eliamani, alikuwa na sauti. Aliweza kuita kama mtu yeyote kijijini, na wapo wanaume waliowahi kuacha pombe mezani wakidhani wameitwa na wake zao. Wa tatu ni Mbonea, mbeba magunia. Huyo mkono hana, sauti hana, na shuleni alishika mkia. Kipaji chake kilikuwa kutomsahau mtu aliyemtendea wema.

Watatu hao walikutana kwa mzee mmoja, Mwalimu Mrutu, baba yake Namkunda. Alifundisha Kiingereza darasa la sita mpaka akastaafu. Somo alilolipenda kuliko yote ni lile la kueleza mambo yalivyokuwa zamani. Alikuwa akiwasimamisha watoto mmoja mmoja: "Haya, ulipokuwa mdogo ulikuwa ukifanya nini kila siku?" Huketi mpaka umejibu, hata kama Kiingereza chenyewe ni cha kuokoteza.

Basi mkewe Nakiete akafa. Wakamzika.

Mwalimu hakulia. Alikaa sebuleni kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha, mikono juu ya magoti. Ukimpa mkono wa pole anaupokea, ukimwachia mkono wake unaanguka. Chakula kinaletwa, kinapoa, kinaondolewa. Walimuuliza, "Mwalimu, unaumwa wapi?" Akajibu, "Siumwi popote." Baada ya hapo hakusema tena neno. Jibu hilo liliwatisha watu kuliko kilio.

Sasa ndugu nao, kwa huruma yao, wakaharibu. Mdogo wake, Baba Mdogo Elieza, alitoa amri jina la Nakiete lisitajwe mbele ya Mwalimu. "Msimtoneshe kidonda," alisema. Wakaficha kanga zake, wakaficha kigoda chake cha jikoni, na chungu chake cha makande wakakifunika kwa gunia stoo. Hata kopo la chumvi lililokaa dirishani wakaliondoa. Nyumba ikawa kama hamjawahi kuishi mwanamke. Jamani! Mtu kafiwa, halafu mnamzika mkewe mara ya pili! Alie akitazama nini?

Mwalimu akakonda. Tabibu wa zahanati alimpima, akasema ugonjwa hana, ila asipokula atamfuata mkewe. Baba Mdogo alipotoka hapo akatangaza: "Atakayemrudisha kaka yangu, siku ya kuanua tanga, tukimaliza msiba, nitampa chungu cha shemeji." Msicheke. Kila aliyewahi kula makande ya chungu kile alikuwa akikitamani. Na chungu si shamba. Ukikigawa unabaki na vigae.

Namkunda aliikaidi amri. Alikitoa chungu stoo, akachemsha mahindi na maharage, akaunga, na chumvi hakutia. Mama yake alikuwa akisahau chumvi siku zote, tangu Namkunda anapata akili. Na siku zote Mwalimu alikuwa akiuliza, "Mama Namkunda, leo chumvi imekwenda likizo?" huku ananyoosha mkono dirishani kuchukua kopo. Namkunda akamlisha baba yake kijiko kimoja. Mzee alitafuna, uso haukubadilika. Lakini mkono wa kulia uliinuka gotini ukaenda dirishani wenyewe, ukapapasa. Kopo halikuwapo. Mkono ukabaki palepale, na Namkunda akatoka nje, akalia yeye.

Mama Eliamani alikuwa uani anachambua mboga, akayaona yote. Akakumbuka kwamba Nakiete alikuwa akitoka shambani jioni na mzigo wake, akifika njiapanda anamwita mumewe aje ampokee, kwa utani wao wa siku nyingi: "Mwalimuu! Kengele imelia!" Mama Eliamani akaacha mboga, akashuka mpaka njiapanda, akaita vilevile. Mwili uliwasisimka watu. Mbwa wa nyumba hiyo alitoka mbio huku anatikisa mkia.

"Huyu mwanamke ana wazimu!" Baba Mdogo akafoka.

Lakini Mwalimu alikwisha simama. Alitembea mpaka mlangoni, akaitazama njia. Aliyekuwa anapanda alikuwa Mama Eliamani, mikono mitupu. Mzee akaganda kizingitini, hasemi, hakai.

Mbonea alikuwa anapita na gunia lake la tangawizi. Alipomwona, alilitua, akasimama mbele yake na mikono nyuma, kama darasani.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba kujibu swali."

Mbonea akaanza kwa Kiingereza, kikamkwama sentensi ya kwanza, akarudi nyumbani kwenye Kiswahili. "Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikija shule sijala. Enzi zile mnakaa nyumba ya shule, jiko linatazamana na darasa letu. Mama Namkunda alikuwa akinipitishia makande dirishani. Nilikuwa nikiinama chini ya dawati, nakula, wewe unaandika ubaoni. Hujawahi kuniona hata siku moja. Ni hayo tu, Mwalimu."

"Nilikuwa nikikuona," mzee akasema.

Mbonea akainamisha kichwa.

"Kila siku nilikuwa nikikuona. Ni yeye aliyeniomba niugeukie ubao. 'Andika taratibu, Mwalimu,' alikuwa akiniambia, 'mtoto hajamaliza.'"

Alikaa kizingitini, akalia kwa sauti, akamtaja Nakiete kwa jina mbele ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Alipomaliza aliomba makande, akala.

Sasa ugomvi. Siku ya kuanua tanga ilipofika, chungu kiliwekwa katikati ya uwanja.

"Kazi niliianza mimi," alisema Namkunda. "Bila kijiko changu, baba yangu alikuwa maiti aliyekaa."

"Kijiko chako kilimwacha anapapasa dirisha, mwanangu!" Mama Eliamani akamkata. "Aliyemnyanyua kwenye kile kiti ni nani?"

"Mimi siombi kitu," alisema Mbonea. "Lakini kilio kilitoka mbele yangu. Na mkinipa, sikatai."

Baba Mdogo alijikuna kichwa, akaona kesi amtupie Mwalimu mwenyewe. "Kaka, umewasikia. Tumpe nani?"

Mwalimu alikitazama chungu. "Msiniulize mimi," alisema. "Miaka yote nilikuwa nikila humo, na nilichokuwa nikisema ni chumvi tu. Asante sikuwahi kusema. Mtu kama mimi ataamuaje?"

Basi kikao kikavunjika. Mpaka leo chungu kimefudikizwa kizingitini, na hakipikiwi hata maji, maana hakina mwenyewe. Mwalimu analetewa chakula cha sufuria kutoka kwa Baba Mdogo, chumvi ya kutosha. Anakula, anashukuru. Ila kabla hajaonja, mkono wake unakwenda kwanza dirishani.

Wazee wangu wa baraza, mzee anasubiri na chungu kinasubiri. Kiende kwa aliyeuamsha mkono, aliyeiamsha miguu, au aliyeufungua mdomo? Wewe wa muwa, tema makapi hayo. Anza wewe: ungempa nani?