Mtungi Uliokula Nyimbo

Hapo zamani, wanangu, katika nchi moja kavu, visima viligeuka bila kuaga: leo vitamu, kesho sumu. Lakini palikuwa na mtungi uliojua maji, nao haukukosea.

Mtunzaji wake alikuwa Nyamizi, kama bibi yake kabla yake. Ukiuliza, "Maji mema ya leo yako wapi?" mtungi ulikujibu bure. Ukitaka kujua ya mwezi ujao, uliinama ukaimba wimbo mdomoni mwake. Ukiinuka, wimbo huo umekutoka kichwani, huukumbuki tena. Nyimbo ndizo zilizoulisha mtungi. Jioni ulizivumisha peke yake, kwa sauti za wenyewe, hata waliokwisha kufa.

Kalunde mfugaji aliimba kila mwezi, akahamisha ng'ombe wake mapema, kimya kimya. Jirani yake Mihambo hakuimba. Alijibanza nyuma ya ua, akasikia jibu, akalitangaza kijiji kizima.

"Mwizi wee!" Kalunde alifoka. "Mimi nimetoa wimbo wa harusi yangu. Wewe umetoa nini?"

"Nimetoa sikio," Mihambo akacheka. "Kiu haina mwenyewe, bwana."

Watu wakafurahi. Nani tena angeimba? Sauti ya mtungi ikafifia, ikawa kama nyuki ndani ya kibuyu. Nyamizi akaogopa usije ukafia mikononi mwake. Akaufunika kwa ngozi, akasema, "Tangu sasa, hata jibu la leo ni kwa wimbo."

Binti yake, Sikujua, alikuwa na wimbo mmoja tu, ule aliobembelezwa nao na mama yake. Hakutaka kuupoteza. Akaenda kisimani bila kuuliza, akanywa. Akarudishwa amebebwa, macho wazi, hasemi.

Nyamizi akaivuta ile ngozi. "Maji ya kumponya mwanangu yako wapi?"

Mtungi ukajibu kwa sauti ya bibi yake: "Mjukuu wangu, nipe sauti nzima ya aliyeziba njia ya maji mema, asiseme tena. Akiinama asiye na kosa, nitanyamaza milele."

Nyamizi akawageukia Kalunde na Mihambo, waliokuwa wamembeba mtoto.

"Si mimi," akasema Kalunde. "Mimi peke yangu niliulisha."

"Ukala na majibu peke yako!" akasema Mihambo. "Ungetuambia, ningejibanza uani kwa watu?"

"Na wewe ukauua kwa njaa."

"Haya, ngozi nayo niliiweka mimi? Muulize mama Sikujua."

"Niliufunika ili uishi," Nyamizi akanong'ona.

Hapo midomo ya mtoto ikacheza. Sauti haikutoka kwake. Wimbo wake wa kubembelezwa, ambao hakuwahi kuutoa, ulitoka mtungini, polepole, na kila neno lilipopita, pumzi yake ilipungua.

Nyamizi akapiga magoti. Midomo yake ikagusa ukingo wa mtungi, baridi kama jiwe la kaburi. Akasita.

Wimbo umebakiza ubeti mmoja. Semeni, wanangu, kabla haujaisha: ni nani aliyestahili kuinama?