Jina Chini ya Picha ya Mlembe

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme bali zamani hii ambayo watu wamekwisha kuwa na kamera, mkoa mmoja wenye misitu ya miombo ulitangaza mashindano ya picha za maumbile. Nitegeeni sikio, maana mwishoni nitauliza, na anayesinzia ndiye nitakayeanza naye.

Katika mkoa huo aliishi Nyanzala. Alipiga picha za harusi na za vitambulisho, basi watu wakamwita Bi Kitambulisho. Sokoni Bi Kitambulisho, msibani Bi Kitambulisho. Jina hilo lilimkera kuliko mchanga ndani ya kiatu. Aliposikia kwamba picha ya mshindi itatundikwa kwenye ukumbi wa mkoa, na chini yake litaandikwa jina la mpigaji, moyo ulimruka. "Nikishinda," alijiambia, "wataniita Nyanzala."

Akamwendea shemeji yake Malunde, mrina asali. "Shemeji, nataka kumpiga picha mlembe."

Mlembe ni yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali. Mrina hupiga mluzi, ndege huitikia, huruka mti hata mti mpaka walipo nyuki. Mrina akishatoa masega, humwachia ndege fungu lake chini ya mti. Ndiyo desturi.

"Nitakupeleka," akasema Malunde. "Ila usijipake marashi. Nyuki hawayapendi."

"Marashi ya nini, shemeji? Naenda porini, siendi harusini."

Wakafuatana na Kabula, dada yake Malunde, aliyebeba uji na mwenge wa moshi. Kabula alikuwa hajawahi kushika kamera tangu azaliwe.

Siku ya kwanza Malunde akapiga mluzi, mlembe akaja, asali ikapatikana. Malunde alipotaka kuacha sega chini, Nyanzala akamzuia. "Usimpe! Akishiba ataondoka. Abaki na njaa, abaki karibu." Malunde akasita, akamtii shemeji yake. Mlembe akalialia kwenye tawi la mbali, kisha akaenda zake.

Siku ya pili Malunde akapiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Ndege hakuna. "Umeona?" akasema. "Tumemdhulumu."

Siku ya tatu Malunde akaja na sega nono kuliko yote nyumbani kwake, lile alilokuwa amemwekea mkwewe. Akaliweka chini ya mti uleule, akapiga mluzi. Nyanzala akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akapima mwanga, akaielekeza kwenye sega. Kila kitu kilikuwa tayari. Lakini mazoea yana taabu: asubuhi ile, kama afanyavyo akienda kupiga picha za harusi, alikuwa amejipaka marashi!

Akaja nyuki mmoja. Wakaja watatu. Likaja kundi zima. Nyanzala akatimua mbio akipiga mayowe, kitenge kikamdondoka kando ya sega, huyoo! Malunde akamkimbilia na moshi. Kabula akabaki, ametulia tuli kama alivyofundishwa na baba yake, nyuki wakimtambaa mikononi. Hapo mlembe akashuka. Akatua kwenye kitenge cha Nyanzala, akanyofoa nta. Kabula akakumbuka alivyomwona wifi yake akifanya. Akabonyeza mara moja tu.

Lo, picha ile! Ndege, sega linalong'aa, nyuki hewani, na maua mekundu ya kitenge.

Picha zilipelekwa kwa namba bila majina, majaji wasije wakapendelea ndugu zao. Siku ya matokeo jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani, akatangaza, "Namba kumi na saba! Mwenye picha asimame." Wakasimama watatu. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Nafasi ni ya jina moja," jaji akasema. "Haya, semeni."

Nyanzala akasema, "Wazo langu, kamera yangu, mwanga nimeupima mimi. Nimeumwa na nyuki mpaka macho yakafungika. Bila mimi hakuna picha."

Malunde akasema, "Mluzi wangu, sega langu, na mkwe wangu mpaka leo kaninunia. Ndege aliondoka kwa kudhulumiwa, akarudi kwa kuombwa radhi. Bila mimi hakuna ndege."

Kabula akasema, "Mmoja alikimbia, wa pili akamfuata. Mimi nilibaki. Kidole kilichobonyeza ni hiki hapa. Mpigaji ni nani, kama si aliyepiga?"

Jaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akamkabidhi Nyanzala kalamu. "Wewe ndiye uliyeileta. Andika jina mwenyewe, nasi tutaliheshimu."

Nyuma mtu akapaza sauti, "Bi Kitambulisho, fanya upesi!" Watu wakacheka tena, na jina hilo likamchoma.

Malunde akatazama dari. Kabula akamnong'oneza, "Andika, wifi. Lolote utakaloandika, nyumbani tunarudi pamoja." Afadhali angemtukana! Kalamu ikaanza kuteleza kwa jasho.

Nilipoisimulia kwa warina asali, walimpa Malunde. Wapiga picha wakamtetea Nyanzala, na wake zao wakasema Kabula. Sasa kalamu nawapa nyinyi, nafasi ni moja na ukumbi unangoja. Je, nani alistahili? Na kama ungekuwa Nyanzala, ungeandika jina hilohilo?