Kwa Nini Wimbo wa Mtama Mpya Huitikiwa kutoka Ng'ambo

Mnaufurahia wimbo huu, na hamna kosa. Una mdundo mzuri, watoto wanauweza, na siku hizi hata harusini unapigwa. Lakini kila mwaka mgeni mmoja huuliza kwa nini, katikati ya sikukuu, wimbo unakatika ghafla na watu wote wa Ruvwe wananyamaza, hata walevi. Basi nitaeleza, na anayetaka kula kwanza ale, maana habari yenyewe haianzi vizuri.

Kulikuwa na wakati ambapo sikukuu ya mtama mpya ilikuwa siku ya kutoka kwenda vitani. Msishangae. Mwenye njaa hana nafasi ya kupigana. Ghala likijaa ndipo watu hukumbuka ugomvi. Sisi wa Ruvwe tulipigana na watu wa Kimbago, mlima ule mnaouona pale mbele, na bonde lililo kati yetu ni jembamba kiasi kwamba mbwa wa huku akibweka, wa kule hujibu. Ukiuliza nani alianza, huku utaambiwa ni wao, na kule utaambiwa ni sisi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wa bonde lile walinenepa.

Vita vile vilikuwa na taratibu zake, na pande zote mbili zilizishika. Kila sikukuu manju wa kijiji alitunga wimbo mpya wa kuwatoa vijana. Manju aliita, umati ukaitikia, na wimbo ulipokwisha kuitikiwa, pembe ilipigwa na mikuki ikainuliwa. Wimbo usioitikiwa ulikuwa kisirani. Waliamini kwamba mkuki ukiinuliwa kabla ya kiitikio humrudia mwenyewe, na hapakuwa na mwanamume, hata yule mwenye majivuno kupita wote, aliyetaka kujaribu.

Utaratibu wa pili ulihusu waliokufa. Aliyeanguka ng'ambo hakurudishwa kwao. Wanawake wa upande ule walimzika, kwa kuwa maiti haiachwi karibu na shamba, na mahali walipomzika hapakutajwa. Ilisemekana kwamba adui akijua mtu wake alipolala, atakuwa ameshapata njia ya kuingia kijijini. Hivyo mama aliyefiwa na mwanawe ng'ambo hakupewa hata tuta la kaburi la kulitazama. Aliambiwa tu, "Amebaki," na maisha yakaendelea.

Mwaka ninaousimulia, manju wa Ruvwe alikuwa mwanamke aitwaye Nakiete. Alikuwa na sauti kavu, isiyopambwa, iliyofika mbali. Alikuwa amezaa watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Senzota, alivuka bonde sikukuu iliyotangulia, naye akabaki. Mdogo, Kangero, sasa alikuwa amefikisha umri wa kushika mkuki, na alikuwa amejipaka mafuta tangu asubuhi kama bwana harusi.

Tazameni alivyobanwa. Wimbo ukiwa mzuri, Kangero anatoka. Angekataa kutunga, kazi ingepewa shemeji yake Jumbe Mashambo, mkuu wa kijiji, mtu aliyeimba kama mbuzi aliyefungwa, na Kangero angetoka vilevile. Nakiete hakukataa. Alitwanga, akapika, akaoga, akaenda uwanjani akasimama mahali pa manju.

Watu walingoja sifa za mashujaa. Yeye alitazama Kimbago, si umati, akaimba:

*Mwanangu alivuka bonde,*
*mtama wa mwaka huu hakuuona.*
*Nauliza mnijibu:*
*amelala wapi?*

Akanyamaza. Umati nao ukanyamaza, ukingoja aendelee. Akarudia maneno yale yale, akanyamaza tena. Vijana wakatazamana. Wimbo ulikuwa mzuri, hilo kila mtu alikiri, ila hapakuwa na cha kuitikia.

Kijana mmoja mwenye haraka akajaribu. "Amelala vitani!" akapaza sauti, na wenzake wakamuunga mkono.

"Vitani si mahali," akasema Nakiete. "Nimeuliza mahali."

Akaimba mara nyingine. Jumbe Mashambo akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini lakini ya ukali, "Mama Senzota, tunga kiitikio. Jua linapanda."

"Sina, Jumbe. Ningekuwa nacho nisingeuliza."

Jumbe akamwangalia mpiga pembe. Mpiga pembe akaangalia vidole vyake vya miguu. Wimbo haukuwa umeitikiwa, na wote walijua maana yake. Wapo wanaosema Nakiete alipanga mambo yote tangu mwanzo ili kumzuia Kangero. Mimi siamini sana. Nadhani alijua kwamba Ruvwe nzima isingeweza kumjibu, basi, na zaidi ya hapo alitaka tu kujua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Sasa, kule Kimbago nako walikuwa wamekusanyika, kwa sababu mtama wao huiva na wetu. Wimbo wa adui husikilizwa kwa makini, upate kujua amejiandaa vipi. Wakausikia mara ya kwanza, wakacheka. Mara ya pili wakacheka kidogo. Mara ya nne au ya tano hakuna aliyecheka, maana kila nyumba ilikuwa na mtu aliyebaki huku kwetu, na swali lile lilikuwa lao pia.

Miongoni mwao alikuwemo mwanamke aitwaye Mboni. Ndiye aliyemzika Senzota, mwana wa manju aliyejulikana pande zote mbili. Alijua kwamba akisema, watu wa kwao wangeweza kumfukuza, na asingekuwa na pa kwenda. Alikaa akatazama chini. Kisha akaondoka kwenye kundi la wanawake, akasogea hadi ukingoni mwa mlima, na dada zake waliomshika nguo akawabandua mikono. Akaitikia kwa sauti ile ile ya wimbo:

*Amelala kwetu, penye mkuyu wa chemchemi,*
*kichwa nimemwelekezea kwenu.*
*Kaniki yangu ndiyo niliyomfunika.*

Nakiete akaketi chini palepale. Alilia kwa sauti, na hakuna aliyemkataza, ingawa desturi ilikataza kulia uwanjani siku ya kutoka. Mtu aliyeambiwa "amebaki" mwaka mzima, leo anaambiwa penye mkuyu. Ni kitu kikubwa, na sitaki kukipunguza kwa maneno mengi.

Jumbe, yeye, alichukua kile alichokitaka. "Wimbo umeitikiwa!" akasema. "Piga pembe!"

Kangero na wenzake wakainua mikono kushika mikuki. Lakini Mboni hakuwa amemaliza. Baada ya kujibu naye aliuliza, na kwa taratibu zilezile, wimbo ukirudisha swali bado haujaisha:

*Kaka yangu Irira alivuka bonde.*
*Nami nauliza:*
*kwenu amelala wapi?*

Wanaume wa Ruvwe hawakujua. Wao waliua, kuzika haikuwa kazi yao. Wanawake walijua, na wanawake walikuwa wakimtazama Jumbe. Ndipo mama mzazi wa Jumbe, kikongwe aliyeletwa uwanjani akiwa ameshikwa mikono, akakohoa na kusema, "Irira yuko nyuma ya zizi la mwanangu huyu."

"Mama!" Jumbe akasema. "Zizi langu?"

"Lako. Nilimzika mimi na wakeze mdogo wako. Ungependa tumweke wapi, jikoni?"

Kikongwe hakuwa na sauti ya kufika ng'ambo, hivyo Nakiete akainuka na kumwimbia Mboni jibu. Baada ya hapo haikuwezekana kuwazuia. Mwanamke mmoja aliuliza habari za mumewe, mwingine za baba yake, na kule wakajibu, nao wakauliza, na huku wakajibu. Makaburi yakatajwa moja baada ya jingine: penye jiwe la kunolea, kando ya mfereji, chini ya migomba ya fulani. Vijana waliweka mikuki chini ili waweke viganja masikioni wasikie vizuri. Kangero ndiye aliyemsaidia mzee mmoja kiziwi kwa kumrudia kila jibu, na mafuta aliyojipaka yalikauka juani.

Jua lilipoinama, wimbo ulikuwa bado unaulizwa. Nakiete akachukua unga wa mtama mpya, akamwita Kangero, wakashuka bondeni bila mkuki na kupanda Kimbago. Watu wa kule waliwapisha. Mboni aliwatangulia hadi penye mkuyu, na waliporudi, yeye na kundi lake walivuka nao kuja kuonyeshwa nyuma ya zizi, alipolala Irira. Hakufukuzwa kwao. Waliotaka kumfukuza walikuwa wamekwisha kuuliza maswali yao wenyewe, wakajibiwa.

Hakuna aliyetangaza amani. Jumbe Mashambo hakuwahi kutamka kwamba vita vimekwisha. Alisema vimeahirishwa, kwa kuwa wimbo ulichelewa. Hakuna jumbe aliyemfuata aliyebatilisha neno lake, kwa hiyo kisheria vita vile vimeahirishwa hadi leo. Kangero alikufa mzee, kwa kikohozi, kitandani mwake, akiwalalamikia wakwe.

Na tangu siku hiyo hatutungi wimbo mwingine kwa sikukuu ya mtama mpya. Ni huo huo. Vijana wameutia ngoma, wameutia gitaa, mwaka juzi wakautia kitu cha umeme ambacho sikukipenda, na hakuna aliyewakataza. Walio wengi wanaoucheza hawajui kwamba ni swali. Lakini manju anapofika kwenye mstari wa mwisho, tulioongeza baadaye, vyombo vyote hunyamaza, kisha yeye huimba peke yake akitazama Kimbago: "Nani wetu amelala kwenu?"

Jibu kila mtu analijua. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kulisema, na sauti nzuri hapa zipo tele. Hata hivyo hakuna anayeitikia. Upepo ukiwa mbaya tunangoja. Ukungu ukiwa mzito tunangoja, na chakula kinapoa, na kila mwenye mwana humtafuta kwa macho katika umati bila kujua kwa nini anafanya hivyo. Mpaka sauti zao zitufikie kutoka kule, "Ni wale wale, hajaongezeka mtu," ndipo nasi tunapumua, nao wanaanza kutuuliza.