Meli Takatifu ya Mvumo

Kisiwa cha Mvumo kilikuwa na wiki moja tu ya uhuru pale Gavana Pelham, aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao, alipomwita Bi Mize Machano, waziri wa biashara.

"Bibi, nipeni bandari kwa miaka mia, au niondoke na kila kilicho chetu. Tuone mtakula nini."

"Ondoka navyo, Bwana Gavana."

Basi wakang'oa simu, wakafungua balbu, wakabeba hata vifuniko vya vyoo. Bi Mize alitazama tu, na hilo likamkera Gavana kuliko matusi. Siku ya mwisho ya kupakia ndipo Bi Mize alipomfuata gatini, machozi yakimtiririka.

"Vyote chukueni, bwana wangu, ila ile meli yenu iliyozama mlangoni mwa bandari tuachieni. Mizimu yetu imehamia mle. Hata wimbo wa taifa unaitaja!"

"Mizimu!" Gavana alicheka mpaka kofia yake ya manyoya ikadondoka. "Chuma kile ni chetu. Nakibeba."

"Nakusihi!"

"Lia tu, mama."

Akaagiza wapiga mbizi na winchi kwa gharama ya serikali yake, wakaikatakata meli na kuipakia yote. Alipokuwa akitoka, akapishana na meli kubwa zikiingia kununua mbata, kwa mara ya kwanza tangu mlango ule uzibwe. Bi Mize alikuwa kwenye boti ya kuzipokea.

"Na wimbo wenu wa taifa je?" Gavana alifoka.

"Tutautunga kesho, bwana. Leo tunapakia mbata."