Kibakuli cha Mnavu wa Mama Nakiete

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, nina jambo limenishinda kuliamua.

Mama Nakiete alikuwa na bustani nyuma ya jiko. Mbolea ya dukani hakuitaka, dawa ya kunyunyiza hakuitaka, na mnavu wake ulisifika mtaa mzima. Alipougua na macho yakaingia giza, bustani nayo ikafa. Akakataa kula. Siku moja akawaambia wanawe watatu, "Natamani mnavu wangu mwenyewe. Atakayeuotesha ndiye atakayenilisha kwa mkono wake, nimpe radhi yangu na kibuyu changu cha mbegu."

Namkunda, binti mkubwa, ana jicho kali. Kibuyu kile wote walidhani ni kitupu. Yeye akakikung'uta, akachambua majivu ya kuhifadhia mbegu kwa vidole mpaka akapata mbegu chache.

"Mbegu sawa, dada, lakini utazisia wapi? Hapa pamekuwa jalala," akasema Senkondo, mtu wa nguvu na subira. Akafukua mifuko ya plastiki yote, akarundika maganda ya ndizi, majani na samadi ya mbuzi, akageuza na kugeuza hadi mboji ikawa nyeusi na laini.

Elineema, kitinda mimba, hatupi kitu. Mvua iligoma, bomba likakauka. Maji aliyooshea mchele yakaenda bustanini, aliyooshea mboga vilevile. Yeye mwenyewe alikuwa anaoga kwa kopo moja, majirani wakimcheka.

Mnavu ukaota. Namkunda akauchuma, akaupika, akaupakua kwenye kibakuli. Yeye ndiye aliyekemewa na mama kuliko wenzake, na radhi ile aliitaka mno. Mlangoni wadogo zake wakamzuia.

"Bila mbegu zangu kungekuwa na mboga?"

"Zingeota juu ya plastiki, dada?"

"Na mngezimwagilia mate?"

Ndani mama akaita, "Nani huyo analeta?"

"Mimi!" wakajibu wote watatu kwa pamoja. Kisha wakaendelea kubishana kwa kunong'ona, kila mmoja kashika ukingo wa kibakuli.

Walipoingia, mnavu ulikuwa umepoa na mama alikuwa amekata roho. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama anayesubiri tonge. Namkunda alilia mpaka sauti ikamkauka.

Sasa kibuyu kinaning'inia jikoni. Mnavu uliobaki umezaa, na ndege wameanza kuudonoa. Kila asubuhi Namkunda anakinyooshea mkono, aibu inamshika, anaurudisha. Wadogo zake hali kadhalika.

Radhi ya mama imekwenda naye kaburini, lakini mbegu zake bado zinaweza kuokolewa. Haya, ninyi mnaonisikiliza, semeni kabla ndege hawajamaliza: kibuyu mngempa nani? Au kati ya wale watatu hakuna tena mwenye haki ya kukigusa?